Mahali Ambapo Mtu Anakubali Kuguswa

Kwako Monika,

Sijui nianze na salamu gani, maana asubuhi tumeshasalimiana, na jioni utarudi uniamkie tena nikuitikie. Sasa hivi umekwenda Nambis kumuaga mama mkubwa. Baba yako yuko mnadani. Mimi nimebaki na maharage ya kuchambua, nikayaacha kwenye ungo nikatafuta kalamu. Habari hii nikiianza kwa mdomo nitaishia kukuuliza kama umekula.

Mambo ya sweta, pasipoti na kula vizuri baba yako ameshakueleza, akarudia, akamweleza na kondakta wa basi ambaye hata hakuuliza. Hayo nayaruka. Mimi nina jambo moja limenikaa kifuani tangu kiangazi, na sijalielewa mpaka leo. Ukidhani mwisho wa barua nitakuwa nimelielewa, usitegemee sana.

Kwanza ujue watu wananisumbua. Wananisimamisha njiani, "Mama Monika, binti anakwenda kusomea nini huko Ulaya?" Wa kwanza nilimwambia kompyuta. Wa pili nikamwambia mambo ya ngozi, kesho yake akaniletea mtoto mwenye mapunye. Wa tatu nikamwambia ukweli: "Anakwenda kusomea kugusa." Alinitazama kama mtu aliyesikia mgonjwa akiweweseka, akasema tumshukuru Mungu, akaenda zake.

Siyo kwamba hukunieleza. Ulinieleza pale jikoni, ukanionyesha ile plasta yenye nyaya nyembamba kama nywele. Mtu anaibandika mkononi, akiigusa inaongea na simu, na mtu wa mbali anaweza kuitetemesha. Ukasema mafundi wanaotengeneza vitu hivyo wanaujua umeme, lakini watu hawawajui. "Kabla hawajambandika mtu kitu, mama, inabidi tujue ngozi yake inaishi vipi. Na hilo huwezi kulijua kwa kumpa mtu karatasi ya maswali ajaze." Nikatikisa kichwa. Nilitikisa kama ninavyomtikisia padri akianza mambo makubwa.

Kisha ukaniomba nikuitie akina mama.

Ile siku sitaisahau. Ulitufunga macho kwa kanga sebuleni kwangu mwenyewe, sisi watu wazima, mke wa katekista akiwemo. Ukatupitishia vitu mkononi. Ngozi ya mbuzi. Jivu la moto wa jana. Jiwe la kusagia. Udongo mbichi. Masharti yako yalikuwa tusitaje kitu chenyewe, tuseme tu tunasikia nini. Mwanzoni tulicheka kama wasichana wa kipaimara. Halafu Mama Veronika, jirani yetu ambaye kila siku tunamjua kwa kugombana na mbuzi za watu, akaushika ule udongo, akasema, "Ni kama shavu la mtoto aliyetoka kulia." Hakuna aliyecheka tena.

Ulituambia jambo ambalo nilikuwa nalisema maisha yangu yote bila kulisikia. Kwamba kwa Kiswahili tunasikia sauti, na tunasikia baridi, na tunasikia maumivu, na tunasikia njaa. Neno moja. Ukatuuliza je, ngozi nayo ni sikio? Mke wa katekista akasema hiyo aulizwe Paroko.

Halafu ukatandika zile karatasi ndefu za kaki sakafuni. Mmoja mmoja akalala chali, mwenzake akamzungushia mkaa pembeni mpaka umbo lake likabaki kwenye karatasi. Ukatugawia rangi. Kijani mahali ambapo tungekubali mashine itushike, nyekundu mahali ambapo hatukubali. Mwanangu, wote tulimaliza nyekundu. Mimi nilijipaka nyekundu kutoka utosini mpaka kwenye nyayo, nikabakiza kijani kidogo tu nyuma ya bega la kushoto. Ukaniuliza, "Kwa nini hapo, mama?" Nikakwambia sijui. Ukadhani nakuficha. Sikukuficha. Nilikaa siku nyingi nikijiuliza kwa nini nimeacha hapo, na kwa nini nimekataa kwingine kote, na sijapata jibu. Labda mtu anaweza kuishi na ngozi yake miaka yote bila kujuana nayo.

Tukazitundika karatasi kwenye kamba stoo ili rangi ikauke. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, wala hatukujua. Yule mnunuzi wa vitunguu saumu alipita mchana kuangalia magunia, akachungulia stoo, akaona watu wekundu wametundikwa kambani kwa vibanio vya nguo. Alikunywa chai yangu, akashukuru, akaondoka.

Kesho yake tukasafiri wewe na mimi kwenda Balangdalalu kwa bibi yako, mama wa baba yako, maana ulitaka na watu wa ng'ombe wawe kwenye kazi yako, siyo sisi wakulima wa huku juu tu. Tulibadilisha gari njiani, tukamalizia na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Ulikuwa umekumbatia lile begi lenye karatasi za akina mama kama mtu aliyebeba mayai. Sisi tulikwenda kwa gari. Maneno yalikwenda kwa simu, yakafika kabla yetu.

Tulipoingia uani baba yako mdogo Gidahuda alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi na vijana wenye fimbo. Ukapiga magoti kidogo, ukamwamkia.

"Shikamoo baba mdogo."

Hakuitikia. Wewe unajua, na mimi najua, mtu mzima wa kule kutoitikia shikamoo ya mtoto wa kaka yake maana yake nini.

Aliongea na mimi, si na wewe. "Shemeji, huyu mtoto ananunua ngozi za watu?"

"Ngozi gani, shemeji?"

"Tumepigiwa simu kutoka kwenu. Watu wametundikwa stoo kwako. Wekundu. Wamechunwa."

Ningeweza kucheka. Ningeweza kusema, shemeji, ni michoro, kaa chini uione. Wewe ulishaanza kufungua mdomo kusema hivyohivyo. Lakini mimi niliziangalia zile fimbo. Nikakumbuka watu waliowahi kupigwa kwa uvumi, mmoja tunamjua, alikuwa mpimaji tu wa ardhi. Nikakunyang'anya begi. Nikatoa zile karatasi zote zikiwa zimeviringishwa, nikazitia kwenye moto waliokuwa wanachemshia maji pale uani.

"Mama, usi..."

"Nyamaza!"

Ziliwaka haraka. Karatasi ya kaki haina ubishi. Nikaona mkono wa mtu, sijui wa nani, ukijikunja, rangi nyekundu ikigeuka nyeusi. Ilikuwa kazi uliyoiandaa kwa miezi, na Mama Veronika, na mke wa katekista, na mimi mwenyewe na bega langu. Nikageuka nikidhani nimekuokoa.

Gidahuda alikuwa amerudi nyuma hatua moja. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha kuliko kelele. "Kama ni kitu kizuri, shemeji, mbona umekichoma?"

Vijana wakasogea. Mmoja akashika mkanda wa begi. Mimi ndiye niliyekuwa nimekutia hatiani, kwa mikono yangu, mbele ya macho yao.

Bibi yako akatoka. Unajua anavyotoka, ameinama mlangoni, sketi yake ya ngozi inasikika kabla hajaonekana. Akauliza kelele ni za nini. Walimweleza wote kwa pamoja kwa Kibarbaig, haraka kiasi kwamba mimi nilishika nusu. Aliwapita. Akakuuliza wewe.

"Unataka nini hapa, mtoto?"

Kibarbaig chako ni cha kuombea maji, sote tunajua. Lakini ulisema, na mpaka leo nakumbuka neno kwa neno, "Bibi, nataka kujua mahali ambapo mtu anakubali kuguswa, na mahali ambapo hakubali."

Alikaa kimya kidogo. Nilidhani hakukuelewa.

"Hiyo karatasi yako imeisha yote?"

Ilikuwa imebaki moja, safi, chini ya begi.

"Tandika."

Akalala. Mwanamke mzee kama yule, mama mkwe wangu, ambaye tangu nimeolewa sijawahi kumwona amelala mbele ya wanaume, alilala chali uani kwenye karatasi, mguu huku na mguu huku, akatulia kama anayesubiri kutolewa mwiba. Ukapiga magoti na mkaa. Upepo ukawa unainua kona, karatasi ikawa inapigapiga, na wewe mkono mmoja huwezi. Bibi bila kugeuza kichwa akaita, "Gidahuda! Njoo ukae kwenye kona, usisimame kama mti."

Akaja. Shemeji yangu, na fimbo yake kwapani, akachuchumaa akashikilia kona kwa mikono miwili. Vijana wakaangaliana. Mmoja akaja akashika kona nyingine bila kuambiwa.

Ulimzungushia mkaa taratibu. Ukamaliza kichwani. Akainuka, akaliangalia umbo lake pale chini muda mrefu, akasema tu, "Nilidhani mimi ni mrefu." Hapo ndipo Gidahuda alipocheka. Hakutaka, lakini alicheka.

Ukamuuliza kuhusu rangi. Hakutaka rangi. Aliushika mkono wako, akakufumba macho kwa kiganja chake kingine, akausogeza ule uso wake wenye zile alama za chale zilizozunguka macho, akakipitisha kidole chako juu yake, kuanzia jicho moja mpaka jingine. Halafu akasema, "Hapa nilishachorwa nikiwa msichana. Hapa pana wenyewe. Mashine yako itafute pengine."

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya moto na majivu ya karatasi zenu kwenye kanga yangu. Nilikuwa nataka na mimi kuugusa ule uso. Nakwambia kweli. Huyo mama amenipokea nikiwa bibi harusi, amenifundisha kukamua, kwa ajili ya heshima sijawahi hata kulitamka jina la marehemu mume wake, na uso wake nilikuwa sijawahi kuusogelea kwa mkono. Wewe umefika na begi, umeugusa ndani ya siku moja. Sikujua kama ni wivu au ni furaha. Vilikuja vimefungwa pamoja kama kuku wa mnadani, ukivuta mmoja wanapiga kelele wote.

Tulipokuwa tunaondoka Gidahuda alitusindikiza mpaka barabarani. Bodaboda ikiwa imeshawashwa akakutazama akasema, "Marahaba." Ukacheka mpaka ukashikilia begi. Mimi nilishindwa kucheka.

Njiani hukunigombeza. Ningependa ungenigombeza. Nilingoja tufike pale tulipobadilisha gari, tukakaa kwenye benchi, nikakuuliza, "Umenikasirikia?"

"Ndiyo," ulisema. Ukanywa soda. "Lakini nimeiandika. Kwamba karatasi zilichomwa, na nani alichoma, na kwa nini nadhani alichoma. Hiyo nayo ni utafiti, mama."

Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa, Monika. Umeandika "kwa nini nadhani alichoma." Uliandika nini? Sikuuliza. Mimi mwenyewe sijui. Asubuhi moja najiambia nilichoma kwa ajili ya kuokoa roho yako, na ni kweli, niliogopa. Siku nyingine nikiwa napalilia linakuja wazo jingine, kwamba nilichoma kwa sababu mimi nimo humo, nimelala chali nimejipaka nyekundu, na sikutaka ukoo wa mume wangu unione vile. Na lipo la tatu, nalo linakuja usingizi ukikaribia: kwamba nilijua karatasi zile ndizo zingekupa nafasi ya kuondoka. Hili la tatu nalifukuza. Linarudi. Siwezi kukuapia kwamba si kweli, wala siwezi kukuapia kwamba ni kweli.

Na angalia kilichotokea. Wale walimu wa huko walipokuhoji kwenye simu, ukiwa umekaa juu ya jiwe kule mtandao unakopatikana, nilikusikia ukiwaeleza habari ya moto. Habari ya bibi wakaisikiliza pia, lakini waliyoiuliza tena na tena ni ya moto. Ni nani huyo aliyechoma? Aliogopa nini? Mngefanyaje ili asiogope? Wakakuchukua. Kwa hiyo kitu nilichofanya cha kukuharibia, kama nilitaka kukuharibia, ndicho kilichokufungulia mlango. Nifurahi? Nione aibu? Mama Veronika anasema nimshukuru Mungu na niache kujikuna mahali pasipowasha. Labda.

Yeye mwenyewe nilimwomba radhi, yeye na wenzake wote, nyumba kwa nyumba. Unajua alichosema? "Mimi nilikuwa nimekubali kwa sababu ni mtoto wako. Ungekuwa umeniuliza kama nataka, ningesema sitaki." Nikarudi nyumbani nalo hilo. Maana hata mimi nilikubali hivyohivyo. Ulisema, "Mama, unakubali nikuchore?" nikasema ndiyo kabla hujamaliza. Ilikuwa ndiyo ya kukupenda. Haikuwa ndiyo ya kuelewa. Watu wetu ni wa adabu, mwanangu; mtu mwenye begi na barua ya chuo tunamwambia ndiyo ili asijisikie vibaya. Huko unakokwenda sijui watu wanasemaje ndiyo. Ila ukisikia imetoka haraka sana, kaa nayo kidogo. Uliza tena baada ya chai. Bibi yako hakusema ndiyo, alisema tandika, baada ya kunyamaza. Nadhani ile ilikuwa ndiyo yenyewe. Nadhani tu.

Kuna jingine nililoligundua nikiwa nimelala kwenye karatasi yako na Mama Veronika ananizungushia mkaa. Alipopita kwapani nilishtuka. Nikajiuliza ni lini mtu alinishika pale kwa utulivu bila kunivuta, bila kunipima, bila kunitibu. Halafu nikajiuliza kuhusu wewe. Ulipokuwa mdogo nilikubeba mgongoni mpaka kanga ikachanika. Ukaanza shule. Ukavunja ungo. Na mahali fulani katikati ya hapo niliacha kukushika. Hakuna aliyeniambia niache. Nilikuona umekuwa msichana, nikaanza kukupa mkono, na wewe ukaanza kunipa shikamoo, tukadhani hiyo ndiyo heshima. Ni heshima. Sisemi si heshima. Nasema sijui kwa nini tulidhani haviwezi kukaa pamoja. Pengine ndiyo maana unakwenda kuzunguka dunia kutafuta mashine ya kumgusa mtu. Au pengine najipa umuhimu, na wewe unapenda tu nyaya.

Jana ulinibandika ile plasta mkononi, hapa juu ya kifundo, ukaiunganisha na simu yangu, ukajibandika na wewe ya kwako, ukaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba. Ukapiga kelele, "Mama, nabonyeza!" Nilisubiri. Sikusikia kitu. Halafu nikasikia. Kidogo sana, kama kifaranga kinapumua mkononi. Ukarudi mbio ukiniuliza ilikuwaje, nikasema ni nzuri. Ile ilikuwa ndiyo ya haraka, usiiandike. Ukweli ni kwamba nilitaka kuibandua na nilitaka kamwe isibanduke. Nilijiuliza ni mwanangu huyu au ni betri? Halafu nikajiuliza, hata simu, sauti inayotoka mle ni wewe au ni betri? Na mbona kwenye simu sijawahi kuuliza?

Sina jibu, Monika. Uliniambia jibu siyo lazima, kwamba kwenye kazi yako mtu anaweza kusema sijui na ikaandikwa kama ilivyo. Basi andika: mama yangu, mkulima wa Endagikot, hajui.

Lakini nimeamua nitaivaa. Kwa hiari yangu, na nimekaa nayo usiku na asubuhi kabla ya kukwambia. Mtandao hapa unakuja na kuondoka kama wageni, na jua likikosekana siku mbili simu haina chaji. Kwa hiyo ukibonyeza na mimi sijajibu, usianze kumpigia simu mwenyekiti wa kitongoji. Nitakuwa shambani, mikono ina udongo.

Na ikitokea wewe uko darasani, au umelala, au uko kwenye baridi yenu hiyo, ukasikia mkono umetetemeka, usiache kazi yako unitafute kuniuliza mama kuna nini, mama unaumwa, mama unataka nini. Sitakuwa nataka kitu.

Nitakuwa nimekugusa tu.

Mama yako